Kuloweka Nafaka Maalumu: Kwa Nini Bia Ilipata Ukakasi Ingawa Joto Lilikuwa Sahihi

Swali: Ninapika bia nyumbani kwa kutumia shira ya kimea, yaani sukari ya kimea iliyotolewa kiwandani na kufanywa nzito, na mara mbili zilizopita niliongeza nafaka maalumu ili bia ipate rangi na ladha zaidi. Mara ya kwanza nililoweka gramu 250 za kimea chepesi cha karameli katika sufuria yenye lita 20 za maji kwa nyuzi 70 za Selsiasi, kisha nikausuuza mfuko kwa maji ya birika yaliyokuwa yakichemka. Bia ilitoka na ukakasi unaobaki ulimini. Mara ya pili nililoweka gramu 250 za oti bapa pamoja na gramu 250 za kimea cha Munich kwa nusu saa, na bia hiyo ina ukungu usiotulia hata baada ya wiki kadhaa. Maji yangu ni magumu, yanaacha magamba meupe ndani ya birika. Kipimajoto nimekihakiki na muda niliuzingatia. Nimekosea wapi?

Jibu: Umefanya vizuri kutaja magamba ya birika, kwa sababu bila maelezo hayo ningekosa nusu ya jibu. Joto la kulowekea na muda, ambavyo wapikaji wengi huvichunga kuliko kitu kingine chochote, havikuwa na hatia kubwa katika bia zako. Bia ya kwanza iliharibiwa na wingi wa maji pamoja na lile birika la mwisho lililokuwa likichemka. Bia ya pili iliharibiwa na uchaguzi wa nafaka ambazo hazifai kulowekwa peke yake, hata kama kila kipimo kingine kingekuwa sahihi.

Ili mambo haya mawili yaeleweke, inafaa kwanza kutazama kile kinachotokea mfuko unapozama. Kuloweka ni kuyeyusha tu. Maji ya moto huingia ndani ya punje iliyopasuliwa, huikuta sukari, rangi na harufu ambazo mtengenezaji wa kimea alikwisha kuzitengeneza kabla punje haijakufikia, na kuzitoa nje. Hakuna kinachoundwa upya katika nusu saa hiyo. Kugeuza wanga kuwa sukari ni kazi nyingine kabisa, inayohitaji vimeng'enya vilivyo hai, joto la kadiri maalumu, maji machache na muda wa kutosha. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya kila mfuko wa nafaka ni hili: je, ndani ya punje hii kuna sukari iliyokwisha kuwa tayari, au kuna wanga unaosubiri kugeuzwa?

Kimea cha karameli kina sukari tayari kwa sababu ya namna kinavyotengenezwa. Shayiri huoteshwa kama kawaida, lakini badala ya kukaushwa mara moja, kimea kibichi ambacho bado kimelowa huingizwa katika pipa lililofungwa na kupashwa joto la karibu nyuzi 65 hadi 70, ambamo vimeng'enya vya punje hugeuza wanga wake papo hapo ndani ya ganda. Kila punje huwa kama sufuria ndogo inayojipika yenyewe. Baadaye joto hupandishwa, sukari hiyo huiva na kuwa karameli, kisha punje hupozwa na sukari huganda ndani yake kama kioo. Daraja za kimea hiki hupangwa kwa rangi, na vipimo vinavyotumika sana ni nyuzi za Lovibond, kutokana na Mwingereza Joseph Lovibond aliyebuni kifaa cha kulinganisha rangi ya bia katika miaka ya 1880, na vile vya Ulaya viitwavyo EBC, ambavyo namba zake ni karibu maradufu. Kimea cha daraja 10 au 20 za Lovibond huleta utamu mwepesi unaokaribia asali. Daraja 40 hadi 60 huleta karameli yenyewe. Na daraja 80 hadi 120 huelekea kwenye zabibu kavu na sukari iliyoungua.

Kundi la pili linalolowekwa bila wasiwasi ni la nafaka zilizokaangwa hadi kuwa nyeusi: kimea cha chokoleti, ambacho hakina chokoleti ndani yake isipokuwa rangi na harufu inayofanana nayo, kimea cheusi, na shayiri ya kukaanga, ambayo haikuoteshwa kabisa kabla ya kukaangwa. Kimea cheusi kilianza mwaka 1817, Daniel Wheeler alipopata hataza nchini Uingereza kwa pipa lake la kukaangia, na tangu hapo wapikaji wa bia nyeusi ya porter waliweza kutumia kimea cheupe kwa sehemu kubwa na kuongeza kiasi kidogo tu cha cheusi kwa ajili ya rangi. Ukaangaji huo hupita nyuzi 200, huua vimeng'enya vyote, na pia huvunja na kuunguza sehemu kubwa ya wanga, ndiyo sababu nafaka hizi hazileti ukungu wa wanga kwa vipimo vidogo tunavyovitumia.

Kuna jaribio dogo ambalo ninalithamini kuliko majedwali yote. Chukua punje, ikate katikati kwa kisu chenye makali, utazame ndani, kisha uitafune. Punje ya karameli ina ndani inayong'aa na kuwa ngumu kama kioo cha rangi ya kahawia, na ulimini ni tamu mara moja. Punje nyeusi ni nyepesi, hupasuka kama mkaa, na ladha yake ni ya kahawa. Lakini ukikuta moyo mweupe wa unga, hata kama ganda la nje lina rangi ya dhahabu na harufu ya mkate, huo ni wanga, na nafaka hiyo haikutengenezewa kulowekwa peke yake. Fanya jaribio hili kwa kimea chako cha Munich na utaona unga mweupe. Oti bapa hazihitaji hata kukatwa. Ni wanga na protini kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Hapo ndipo ilipokwama bia yako ya pili. Oti bapa zilikwisha kupitishwa kwenye mvuke na vinu vya moto, kwa hiyo wanga wake umelainika na huyeyuka upesi, ila hazina vimeng'enya vya kuugeuza. Kimea cha Munich kinavyo, lakini kwa kuwa hukaushwa kwa joto kali kuliko kimea cheupe, vimeng'enya vilivyobaki hutosha kugeuza wanga wa kimea chenyewe bila ziada kubwa ya kuwasaidia majirani. Ukiviweka vyote viwili kwa nusu saa, wanga mwingi hutoka mzimamzima na kuingia katika bia. Hamira ya kawaida haili wanga. Unabaki ukielea, unazuia mwanga kupita, na kwa muda mrefu unaweza kuwa chakula cha vijidudu ambavyo hukuvialika.

Dawa yake si ngumu, nayo ni kuongeza kimea cheupe cha msingi na kuubadilisha ulowekaji wako kuwa ugeuzaji mdogo wa wanga. Kwa gramu 250 za oti na gramu 250 za Munich, ongeza gramu 500 za kimea cheupe kilichoparazwa, yaani kilichopasuliwa bila kuwa unga, uwe na kilo 1 ya nafaka. Pasha lita 3 za maji hadi nyuzi 73 au 74, zamisha nafaka yote, koroga hadi madonge yaishe, na utaona joto limeshuka hadi karibu nyuzi 67, kwa kuwa nafaka baridi hunyonya joto. Funika sufuria, ifunge kwa taulo nzito, uiache kwa saa 1 bila kuruhusu joto lishuke chini ya nyuzi 65. Mwisho wa saa, weka matone machache ya maji hayo, yasiyo na vipande vya maganda, kwenye sahani nyeupe, kisha uyadondoshee iodini. Yakigeuka kuwa na rangi ya buluu inayokaribia weusi, wanga bado upo na unapaswa kusubiri; yakibaki na rangi ya iodini yenyewe, kazi imekwisha. Tone hilo la majaribio litupwe. Kanuni hiyo hiyo inahusu kimea cha Vienna, ngano, shayiri bapa, na kimea cha rangi ya biskuti, ambacho huwadanganya wengi kwa harufu yake nzuri ya kuokwa ilhali kina wanga tele na karibu hakina vimeng'enya vilivyo hai.

Sasa turudi kwenye ukakasi, ambao ndio sehemu ninayoona hufafanuliwa vibaya mara nyingi.

Ukakasi hutokana na tanini zilizomo kwenye maganda ya shayiri. Si uchungu, ingawa watu huchanganya viwili hivi. Uchungu huonjwa, lakini ukakasi huhisiwa, kwa kuwa tanini hushikana na protini za mate na kuacha ulimi mkavu, kama inavyotokea kwa chai iliyoachwa na majani yake kwa muda mrefu. Ushauri unaorudiwa ni kwamba usipitishe nyuzi 77, na ushauri huo ni sahihi, lakini ni nusu ya habari. Wapo wapikaji wanaochemsha sehemu ya nafaka pamoja na maganda yake kwa makusudi, kwa njia ya kale ya Ulaya ya kati, na bia zao hazina ukakasi. Wanafanikiwa kwa sababu nafaka ile ni nyingi, maji ni machache, na mchanganyiko wenyewe una asidi ya kutosha. Tanini hutoka kwa wingi pale mambo mawili yanapokutana: joto kupita nyuzi 77, na pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hupanda asidi inapopungua, kupanda juu ya 6 au karibu na hapo. Kadiri pH inavyopanda ndivyo joto linavyohitaji kuwa dogo ili kufanya uharibifu.

Nafaka ina asidi yake. Ikiwa nyingi ndani ya maji machache, huivuta pH ya maji hadi kwenye 5 na kitu, ambako maganda hubaki na tanini zake. Kimea cha karameli na nafaka nyeusi vina asidi zaidi kuliko kimea cheupe, na kwa karameli, kadiri rangi inavyokolea ndivyo asidi inavyoongezeka. Maji magumu ya aina yako, yaani yale yanayoacha magamba, yana bikaboneti, nayo hupambana na asidi hiyo. Gramu 250 za karameli nyepesi ndani ya lita 20 za maji ya namna hiyo ni asidi kidogo mno mbele ya bikaboneti nyingi mno, na pH haikusogea inavyotakiwa. Ulikuwa na lita 80 za maji kwa kila kilo ya nafaka, wakati kipimo kinachofaa hakizidi lita 8 kwa kilo. Kisha, maganda yakiwa tayari yamelainika, ukayamwagia maji ya nyuzi 100 ambayo hayakuwa na asidi yoyote. Nikilinganisha makosa hayo mawili, ninaamini kwamba maji ya birika yalifanya uharibifu mkubwa zaidi kwa dakika chache, lakini zile lita 20 ndizo zilizoandaa mazingira.

Kwa hiyo, tenganisha sufuria mbili. Katika sufuria ndogo weka lita 2 za maji kwa gramu 250 za nafaka, au lita 4 kwa gramu 500. Ukipunguza hadi lita 1 na nusu kwa gramu 250 hutapoteza kitu. Pasha maji hadi nyuzi 72 au 73, kwa kuwa nafaka itayashusha kwa nyuzi 2 au 3, uzime moto au uupunguze kabisa, uzamishe mfuko. Joto likitembea kati ya nyuzi 65 na 72 usihangaike. Hapa hakuna kimeng'enya cha kulinda, na tofauti ya nyuzi chache huonekana kidogo sana katika bia. Dakika 30 zinatosha. Sehemu kubwa ya rangi na sukari hutoka mapema, na kuacha mfuko kwa saa nzima hakukupi faida ya kulingana na subira yako. Muhimu zaidi ni kuuinua na kuuzamisha mfuko mara kadhaa ili maji mapya yafike katikati ya nafaka. Kwa maji yako magumu ningechemsha kwanza yale maji ya kulowekea, niyaache yapoe hadi magamba yatue chini, kisha nimimine taratibu sehemu ya juu iliyo safi, kwa maana kuchemsha hutoa sehemu ya bikaboneti. Ukipata maji yaliyotoneshwa, yaani yasiyo na madini, yatumie kwa kulowekea bila hofu, kwani shira uliyonunua tayari ina madini yaliyotoka katika maji ya kiwandani.

Kuhusu kusaga, nafaka inatakiwa kuparazwa, isisagwe ikawa unga. Kila punje ipasuke vipande viwili, vitatu au vinne, na ganda libaki karibu zima. Unga hupita kwenye kitambaa, hutua chini ya sufuria na huweza kuungua, na maganda yaliyosagwasagwa hutoa tanini kwa urahisi zaidi. Kama huna kinu, tia nafaka ndani ya mfuko mnene, uibingirishe chupa nzito juu yake hadi usikie punje zikipasuka. Paraza siku ile ile ya kupika ukiweza, kwa sababu nafaka nzima iliyohifadhiwa mahali pakavu hukaa miezi mingi, lakini ikishapasuliwa hunyonya unyevu na kupoteza harufu.

Mfuko wa melimeli uwe mkubwa kuliko unavyodhani unahitaji, kwa kuwa nafaka iliyobanwa hubaki kavu katikati. Unapoutoa, uache uchuruzike juu ya sufuria kwa dakika kadhaa. Swali la kukamua limezua mabishano marefu, na mimi nasimama upande wa wale wasioliogopa: mkono haubadilishi pH wala haupandishi joto, na wapikaji wanaogeuza wanga wa nafaka zao zote ndani ya mfuko mmoja hukamua kila mara bila bia zao kupata ukakasi. Kasoro ya kukamua kwa nguvu ni kwamba unga laini huponyoka na maji yanachafuka. Kamua kwa upole basi, na ukitaka kusuuza, lita 1 ya maji ya nyuzi 70 inatosha kabisa, tena yale yale uliyoyaandaa kwa kulowekea. Machicha yaliyobaki yasiingie katika sufuria kubwa, na kamwe mfuko usiachwe ndani maji yanapoanza kuchemka. Maji ya kuloweka sasa yaunge na maji mengine, uchemshe, kisha uondoe sufuria motoni kabla ya kumimina shira, kwa kuwa shira nzito huzama na kushika chini kabla haijakorogwa. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, zifuate kama mapishi yako yanavyosema.

Usitarajie kileo kutoka katika nafaka hizi. Gramu 500 za karameli zilizolowekwa vizuri kwa bia ya lita 20 hupandisha msongamano wa bia kabla haijachachuka, ambapo maji matupu ni 1.000, kwa pointi 3 au 4 hivi, tuseme kutoka 1.040 hadi 1.043 au 1.044, na sehemu nzuri ya sukari hiyo hamira haiwezi kuila. Hiyo ndiyo thamani yake: inabaki katika bia ikiipa mwili na utamu wa nyuma, na husaidia povu kudumu. Kwa sababu hiyo hiyo, wingi wake huchosha kinywa. Kwa lita 20, gramu 250 hadi 500 za karameli zinatosha bia nyingi, na ningekuwa mwangalifu zaidi na daraja za giza kuliko zile nyepesi. Kimea cheusi hubadilisha rangi kwa gramu 30 hadi 60 tu kabla ladha ya moshi na majivu haijajitokeza.

Nafaka nyeusi zina njia nyingine ambayo ningependa uijaribu siku utakapopika bia nyeusi, nayo ni kuloweka kwa maji baridi. Paraza nafaka, itie katika maji baridi kwa kiasi cha lita 4 kwa kilo, uiweke kwenye jokofu usiku kucha, uchuje asubuhi. Kinachopatikana ni maji meusi yenye harufu ya kahawa na kakao, bila ule ukali unaokereketa koo. Kasoro yake ni kwamba nafaka huachia kidogo kuliko inavyoachia kwa maji ya moto, na kwamba maganda ya nafaka hubeba bakteria wengi, kwa hiyo maji hayo ni lazima yachemshwe. Yaongeze katika dakika 10 au 15 za mwisho za kuchemsha, ili yasafike bila kupoteza harufu yake yote.

Zimebaki bia mbili ulizo nazo. Ile yenye ukakasi iweke mahali penye baridi kali kwa wiki kadhaa bila kuitikisa, kwa sababu katika baridi sehemu ya tanini hushikana na protini na kutua chini, na bia hulainika kiasi, ingawa haitakuwa kama ambayo haikuguswa na tanini kabisa. Unapoimimina, acha mashapo ya chini ndani ya chupa. Ile yenye ukungu ipime kwa iodini kwanza. Rangi ya buluu ikitokea, baridi haitaisaidia sana, na ushauri wangu ni uinywe mapema ingali changa, kabla vijidudu havijaupata ule wanga. Iodini isipobadilika, huenda ukungu huo ni wa protini za oti pekee, na huo hauna madhara yoyote kwa ladha wala kwa uhai wa bia.